"Sina uzoefu, ni mara yangu ya kwanza": kisa cha hojaji ya watazamaji Nairobi

Fomu iliyoniharibia usingizi iliandikwa kwa kalamu ya bluu, na mtu mwenye mwandiko mzuri. Swali la nne lilimwambia, "Eleza uzoefu wako katika onyesho la leo." Akajibu: "Sina uzoefu, ni mara yangu ya kwanza kuja."

Tulicheka. Kisha tukaipata nyingine ya namna hiyo, na ya tatu ikasema, "Uzoefu wangu ni wa shule ya upili, nilikuwa klabu ya drama." Kicheko kikakauka. Hawa watu walikuwa wamejibu swali kama lilivyoandikwa. Uzoefu ni mazoea na ujuzi anaoupata mtu kwa kulirudia jambo: fundi ana uzoefu, dereva wa matatu ana uzoefu. Kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki ukitazama mchezo hakukupi uzoefu wowote, labda maumivu ya mgongo. Aliyeandika swali alikuwa na neno la Kiingereza, "experience", kichwani, akalitafutia mwenzake kwenye kamusi, akaliweka hapo kama tofali.

Na mimi nilikuwa nimeipitia hojaji hiyo kabla haijachapishwa. Hilo niliseme mapema, maana haya si masimulizi ya makosa ya watu wengine.

Kikundi chenyewe ni cha maigizo. Huigiza kwa Kiswahili kilichochovywa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, mara mojamoja kwenye ukumbi wa kukodi katikati ya jiji, mara nyingi zaidi kwenye holi ya jamii huko Eastlands, yenye paa la mabati. Walikuwa wanaomba ufadhili, na mfadhili alitaka kujua watazamaji wao ni kina nani, wanatoka wapi, wanarudi au hawarudi, na tiketi iuzwe bei gani. Akawapa hojaji ya mfano kwa Kiingereza. Kijana mmoja wa kikundi akaitafsiri usiku mmoja, kisha nikaitwa mimi "mtu wa Kiswahili" niipige msasa. Nikarekebisha ngeli, nikaweka viulizi, nikairudisha huku nimejipigia makofi. Sarufi ilikuwa safi kabisa. Maswali 23, kurasa tatu, na karibu kila moja lina kasoro ambayo hakuna mwalimu wa sarufi angeitia wino mwekundu.

Fomu ziliporudi, Dada mkurugenzi (hivyo ndivyo wote wanavyomwita, hata waliomzidi umri) alinipigia simu. "Kaka, njoo uone. Ama watu wetu wanadanganya ama sisi ndio wajinga." Mtu huyohuyo amesema hajawahi kuona tamthilia, halafu chini anasema anatazama kila siku. Mwingine anakubali kabisa kwamba sauti ilikuwa ya kuridhisha, na kwenye nafasi ya maoni ameandika, "Hatukuskia kitu huku nyuma."

Nilimwomba jambo moja: tusibadilishe neno lolote kabla ya kukaa na watu. Wasiwe wengi, watu wanane tu, wa aina mbalimbali. Tukapata mama anayeuza mboga jirani na holi, mwanafunzi wa chuo, mwalimu mstaafu, kijana wa boda, na wengine waliopatikana kwa chai na mandazi. Kila mmoja alikaa peke yake nami, akasoma swali kwa sauti, akaliambia tena kwa maneno yake, kisha akajibu huku akisema anachowaza. Njia hii si uvumbuzi wangu. Watafiti wa hojaji wa Marekani walianza kuifanya kwa utaratibu miaka ya 1980, walipokaa meza moja na wanasaikolojia. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Roger Tourangeau aligawa kazi ya kujibu swali katika hatua nne: kulielewa, kukumbuka kinachohitajika, kupima, kisha kulitoa jibu. Mtu anaweza kujikwaa katika yoyote kati ya hizo, na ukiisoma fomu iliyojazwa huwezi kujua alijikwaa wapi.

Kuna neno moja nililopiga marufuku mezani: "Umeelewa?" Muulize Mnairobi kama ameelewa, tena umempa chai, atakuambia ameelewa. Hatakuaibisha, wala hatajiaibisha.

Tamthilia ndiyo iliyoanguka kwanza. Swali: "Je, umetazama tamthilia yoyote katika miezi 12 iliyopita?" Mama mboga akajibu bila kusita, "Mbona kila siku? Nikifunga kibanda ndiyo napikia." Alikuwa anazungumzia ya kwenye runinga. Mwanafunzi naye kwake tamthilia ni kitabu, kile alichokibeba hadi mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo akauliza: kutazama au kusoma? Tukajaribu "mchezo wa kuigiza". Kijana wa boda alisoma neno "mchezo" na tayari akili yake ilikuwa uwanjani. Mwishowe tukaacha kutafuta neno moja la kubeba kila kitu, tukaandika kinachofanyika: "Tangu Januari, umewahi kwenda mahali ukaona watu wakiigiza mbele yako, si kwenye runinga wala simu?" Sentensi ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini wote wanane waliisoma mara moja na kujibu kitu kilekile.

Hapo ndipo nilipoachana na imani kwamba swali rahisi ni swali fupi. Kijana aliyetafsiri ana mikono myepesi kwenye kompyuta, akaenda kuingiza maswali yetu katika programu ya kupima urahisi wa kusoma. Ikaturudishia alama za chini ya sifuri. Akaogopa. Nikamwambia asihangaike: kanuni ile ya Rudolf Flesch, ya mwaka 1948, ilitengenezwa kwa Kiingereza. Inahesabu maneno katika sentensi na silabi katika neno, na ndefu ndiyo ngumu. Sasa chukua "Tulipofika tuliwakuta wameketi wakitusubiri." Maneno manne, silabi ishirini. Ukikokotoa unapata takriban hasi 220, ilhali kipimo chenyewe kwa kawaida husomwa kuanzia 0 hadi 100. Na hiyo ni sentensi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaielewa akiwa anakimbia. Neno letu hubeba mtenda, wakati na mtendwa mgongoni, na msomaji amezoea kulipakua tangu utotoni. Kinachomchosha si urefu wa "wakitusubiri". Ni "utoaji wa huduma za ukaribishaji", ambako hakuna mtu anayemfanyia mtu kitu. Tukauliza, "Ulipofika, kuna mtu aliyekuonyesha pa kukaa?" Basi.

Swali la 11 ndilo lililonifundisha zaidi, na ni langu. Katika tafsiri ya kwanza lilikuwa limevurugika, nikalinyoosha likawa: "Je, hujawahi kukosa onyesho letu kwa sababu ya nauli?" Ndiyo, au Hapana.

Mama mboga akatia alama kwenye Ndiyo. "Ndiyo, sijawahi. Mimi natembea tu, niko hapa karibu." Mwanafunzi akatia alama palepale. "Ndiyo, nimekosa mara mbili. Mvua ikinyesha wanapandisha nauli." Watu wawili, maisha mawili tofauti, alama moja. Ndiyo ya Kiswahili huafiki kauli iliyotolewa: ukiniambia "Hukuja jana?" nami sikuja, nakujibu "Ndiyo, sikuja." Lakini Mnairobi aliyesomea Kiingereza amezoea pia ile nyingine, ya Kiingereza, ambayo husimama na tendo lenyewe ("Ndiyo, nilikuja"), na humpanda kichwani kutegemea nani anamuuliza na amekaa wapi. Ana kwa ana haina shida kwa sababu hatuishii kwenye ndiyo, tunaongeza kitenzi. Kwenye fomu kitenzi kimekatwa, kimebaki kisanduku.

Wamarekani waliwahi kuchomeka kwa jambo la aina hiyo, tena kwenye suala zito. Mwaka 1992 kampuni ya kura za maoni ya Roper iliuliza kama inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea. Asilimia 22 wakasema inawezekana hayakutokea, na nchi ikashtuka. Swali lilipoandikwa upya bila ule mkunjo wa kukanusha juu ya kukanusha, mwaka 1994, waliosema hivyo walikuwa karibu asilimia 1 tu.

Dawa yetu ilitoka kwa yule mwalimu mstaafu. Alisema, "Mwanangu, kwa nini msiandike vile mtu anajibu?" Tukaondoa Ndiyo na Hapana kwenye fomu nzima. Swali likawa: "Kuna siku ulitaka kuja ukakosa nauli?" Na majibu: "Kuna" au "Hakuna". Lingine: "Umewahi kuja kwetu kabla ya leo?" "Nimewahi", "Sijawahi". Kitenzi kinajibu chenyewe. Hakuna aliyekwama tena kwenye maswali hayo, na sielewi kwa nini nilihitaji miaka yote hii ya kuhariri nije niambiwe hilo na mtu aliyeshika mandazi.

Saa ilikuwa kichekesho kingine. Hojaji iliuliza onyesho lianze lini, na ya kuchagua yalikuwa "6:00–8:00 jioni" na "8:00–10:00 usiku". Ukisoma kwa saa ya Kiswahili, saa sita hadi saa nane jioni haipo duniani. Ukisoma kama simu yako inavyoonyesha, ipo. Watu wa Nairobi huvuka mpaka huo mara hamsini kwa siku bila kujijua: mdomo unasema saa mbili, jicho linasoma nane. Lakini karatasi haina mdomo. Tukaandika kwa maneno na kuweka alama za maisha pembeni: "Saa kumi na mbili jioni, kabla ya habari za saa moja", "Saa mbili usiku, baada ya chakula". Habari za Kiswahili za saa moja ni mnara wa saa wa nyumba nyingi za jiji hili. Miezi 12 iliyopita nayo tukaiacha, maana hakuna aliyekuwa na habari inaanzia wapi. "Tangu Januari, shule zilipofunguliwa" ilieleweka hata kwa wasio na watoto shuleni.

Kuhusu mtu anapoishi sitakawia. Fomu ilitaka kaunti ndogo, pamoja na orodha. Orodha yenyewe ilifuata maeneo bunge, ambayo Nairobi inayo 17, na wachache sana hujitambulisha kwayo mpaka uchaguzi ufike. Tukauliza, "Ukitoka hapa unapanda matatu ya kwenda wapi, na unashukia steji gani?" Majibu yakaja kama ramani. Umri nao ulikuwa na "18–25" ikifuatwa na "25–35", na mtu wa miaka 25 akatia alama kotekote, ana haki yake.

Lile jedwali la kukubali na kukataa ndilo lililokuwa likitudanganya kimyakimya. "Ubora wa sauti ulikuwa wa kuridhisha", kisha safu tano: nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Kipimo hiki ni cha Rensis Likert, wa mwaka 1932, na sina ugomvi naye. Ugomvi ni jinsi kilivyotua kwetu. Kwanza, nusu ya watu walijazia kwenye simu kupitia kiungo cha WhatsApp, na kwenye simu ndogo jedwali lilikatwa: uliona "nakubali kabisa" na "nakubali", zilizobaki zimejificha kulia mpaka uvute kwa kidole. Pili, fomu za karatasi ziligawiwa na waigizaji wenyewe, bado wana poda usoni, wamesimama pale wakisubiri. Nani atamwambia mtu aliyetoka kulia jukwaani kwamba hakubali kabisa? Tatu, "sina uhakika" si katikati. Mama mmoja alisema, "Nina uhakika kabisa. Ilikuwa hivihivi tu." Hakukuwa na kisanduku cha hivihivi.

Tulivunja jedwali. "Ulisikia maneno ya waigizaji?" Yote, mengi, machache, sikusikia. "Ulikaa wapi?" Mbele, katikati, nyuma. Fomu zikaachwa kwenye meza karibu na mlango, na sanduku la kutumbukiza. Jioni ya kwanza kutumia fomu mpya mvua ilinyesha juu ya mabati, na walioketi nyuma wakaandika walichokuwa wakijaribu kusema tangu fomu ya kwanza. Kikundi sasa hupanga viti kwa nusu duara kwenye ukuta wa upande, na msimu wa mvua onyesho huanza mapema.

Swali la 19 lilikuwa la mtindo wa kampuni kubwa: kutoka 0 hadi 10, kuna uwezekano gani ungetupendekeza kwa rafiki? Limeenea tangu mshauri wa biashara Fred Reichheld alipolitangaza mwaka 2003, na wafadhili wanalipenda kwa sababu linatoa namba moja. Kwa Kiswahili lina matatizo mawili. Kupendekeza, kwa wengi wetu, ni kutoa wazo, kwa hiyo tukaletewa mapendekezo: wekeni choo cha wanawake, anzeni kwa wakati. Na namba zenyewe hazilingani na alama za shule tulizokulia. Katika hesabu ya Reichheld, anayetoa 9 au 10 ni mpenzi wako, 7 na 8 hawahesabiwi upande wowote, na kuanzia 6 kushuka ni mtu asiyeridhika. Yule mwalimu alitoa 6 na kuandika "Hongereni". Nilipomweleza kwamba amewekwa na wapinzani aliudhika: "Sita kwa kumi ni asilimia sitini. Darasani kwangu huyo amepita!"

Tulibishana sana na mfadhili kuhusu hilo, naye akakubali kubadilishwa. Tukaweka "Kuna mtu utakayemwambia aje kuona mchezo huu?" na chini yake, "Utamwambia nini?" Hilo la pili ndilo swali bora katika fomu nzima, ingawa ndilo gumu kujumlisha. Mtu aliandika: "Nitamwambia dada yangu mume kwenye mchezo ni kama wake." Tia hiyo kwenye asilimia ukiweza.

Mmoja wa waigizaji alitaka tuandike yote kwa Sheng, tukajaribu ukurasa mmoja. Haukufaulu. Sheng ya mtaa mmoja si ya mtaa wa pili, ya mwaka huu si ya mwaka jana, na hata anayeiongea vizuri hujikwaa akiisoma kwa sababu tahajia yake haijatulia. Mama mboga alihisi anafanyiwa mzaha. Tukabaki na Kiswahili cha dukani: tiketi, holi, steji. "Hadhira" ikaondoka, "nadra" ikaondoka, na "aghalabu" nayo. Kijana wa boda alipoifikia aliiruka, akatia alama kwenye "wakati mwingine", kwa kuwa, alisema, hilo analijua. Tulikuwa tunapima msamiati wa watu tukidhani tunapima wanakuja mara ngapi.

Utangulizi wa fomu ulikuwa aya ya mawakili kuhusu "uchakataji wa data binafsi". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa nini, lakini haijasema aelezwe kwa maneno yasiyoeleweka. Tuliandika: "Tunataka kujua watazamaji wetu wanapenda nini ili tuboreshe kazi. Usiandike jina wala namba ya simu. Swali usilotaka, liruke."

Maswali 23 yakawa 12, ukurasa mmoja, herufi kubwa kwa sababu taa za holi ni hafifu na kila mtu anawahi matatu. La mwisho ni la bei. La zamani lilisema, "Ungekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa tiketi?" na kila mtu alijibu kama yuko soko la Gikomba: akataja ya chini ili apunguziwe. Likawa, "Leo umelipa shilingi ngapi kuingia?"

Swali hilo tuliliona jepesi kupita yote, na majibu yalikuja yamenyooka, isipokuwa fomu kadhaa za jioni moja zilizoandikwa sifuri. Chini ya moja mtu alikuwa ameeleza, bila kuombwa: "Sikulipa, niliongea na mzee wa mlango."

Dada mkurugenzi aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kutafuta jina. Nikamkumbusha utangulizi tuliouandika pamoja. Akaikunja, akaitia mkobani, na Jumamosi iliyofuata mlangoni walisimama wazee wawili.